Tableti Namba Saba na Ofisi Yangu Yenye Dirisha

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Siku kubwa! Nimetoa ushuhuda kanisani. Nimesema mbele ya watu wote kwamba Mungu amenifanya msimamizi wa teknolojia katika shule yetu ya msingi, na kwamba nimepewa ofisi yenye dirisha. Watu wameruka. Mama mmoja amenifuta jasho kwa leso yake. Mchungaji Cédrick amesema Jumapili ijayo nije mbele na familia, tuwekewe mikono.

Kuna jambo dogo tu. Ofisi bado sijapewa.

Lakini ni kama nimepewa. Tableti ishirini zimefika shuleni, zawadi ya wanafunzi wa zamani walioko Ubelgiji. Walimu wote wanaziogopa. Mwalimu mkuu wetu, Mama Philomène, amesema mkaguzi anakuja Ijumaa, na atakayewasaidia walimu vizuri kabla ya siku hiyo ndiye atakayekuwa msimamizi, na ofisi atapewa. Wagombea ni wawili. Mimi, Clovis, ninayeshika nidhamu na kengele kwa miaka kumi na tisa. Na Madame Orpha wa darasa la pili, eti anajua teknolojia kwa sababu mdogo wake anauza simu sokoni na yeye humsaidia kila Jumamosi. Hiyo si teknolojia. Hiyo ni biashara.

Reine, mke wangu, ameshapeleka kitenge kwa fundi kwa ajili ya Jumapili. Ameniuliza kama barua ya uteuzi imetoka. Nimemwambia barua inakuja kwa imani. Akaendelea kusonga bukari, ugali wetu.

(Naandika haya nyuma ya daftari la wanafunzi wachelewaji. Hakuna anayelifungua isipokuwa mimi.)

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeamka na wazo zuri mno hadi nimecheka peke yangu. Mtu asiyehitajika hapewi ofisi. Basi nihitajike! Nimefika shuleni kabla ya wote, nimefungua kabati, nimeweka nambari ya siri kwenye kila tableti. Nambari ishirini tofauti. Zote kichwani mwangu.

Saa mbili na nusu nimeanza kuitwa. Darasa la kwanza, Clovis njoo. La sita, Clovis njoo. Nimekimbia kama daktari. Utamu wa kuitwa na walimu tisa kwa wakati mmoja! Bahati mbaya aliyekuwa akikimbia ndiye pia mpiga kengele. Mapumziko yameendelea saa nzima na dakika ishirini. Watoto wamenishangilia nilipopita uani. Mama Philomène hakushangilia. Amenisimamisha kwenye baraza, akaongea polepole, na hiyo ni mbaya zaidi kuliko kelele:

"Papa Clovis, hizi code zote, utoe leo. Na kengele, ni nani njo iko anapiga?"

Nimetoa kumi na tisa. Ya ishirini nimeisahau nambari yake. Nimeitia chini kabisa ya rundo. Tableti moja kati ya ishirini, nani ataona?

Jumanne, 14 Oktoba

Orpha ameanza kufundisha walimu saa ya chakula. Hakuhutubia. Mimi ningehutubia. Amemwambia kila mwalimu ajifunze jambo moja tu wiki hii: kufungua somo, kuonyesha picha, kufunga. Basi. Ameketi karibu na Papa Constantin wa darasa la tano, ambaye ameshika chaki miaka thelathini na mwaka mmoja, akamshika kidole na kukipeleka kwenye picha ya chungwa lililokatwa. Papa Constantin amecheka kama mtoto. Kisha amesema yeye ana watoto sitini na mmoja na tableti moja, kwa hiyo atafanya anavyofanya siku zote: atanakili kila kitu ubaoni, na watoto watanakili kwenye madaftari.

Walimu wanamsifu Orpha mbele yangu. Mimi nilikuwa nagawa maji ya kunywa. Nimeumia moyo, naandika wazi.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepona. Nina mpango.

Tableti ya Orpha ni namba saba, ameifunga uzi mwekundu. Asubuhi wakati wa wimbo wa taifa, wote wakiwa uani, nimefungua kabati na kubadilisha lugha yake kuwa Kichina. Vidole vitatu tu, wala sikutumia nguvu. Kesho Orpha ataiwasha mbele ya darasa, ataona vijumba na vimiti, atapiga kelele. Nitatokea mlangoni. Nitasema, tulieni, fundi amefika.

Jinsi ya kuirudisha Kifaransa sijui bado. Ijumaa ni mbali.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hakuna kelele.

Nimepita mbele ya darasa la pili mara sita. Orpha anafundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Anatabasamu. Tableti haionekani. Mara ya saba Mama Philomène amenipa brashi na ndoo ya chokaa nipake mawe ya njia, kwa ajili ya mkaguzi. Nimepaka mawe mia moja na arobaini nikiwa na mashaka.

Jioni nimefanya jambo la busara. Nimeandika vikaratasi ishirini: "Somo limetayarishwa na Clovis." Nimevibandika nyuma ya kila tableti, namba saba pia. Mkaguzi akiona jambo lolote zuri kesho, atajua ni la nani.

Reine amejaribu gauni. Limemkaa vizuri sana. Nimeangalia ukuta.

Ijumaa, 17 Oktoba

Niandike kwa utaratibu.

Mkaguzi amefika saa tatu. Mtu mfupi, viatu vyenye ncha. Darasa la kwanza, sawa. La tatu, sawa. Darasa la nne wameonyeshwa picha ya moyo unaodunda, mkaguzi mwenyewe ameinama kuiangalia. Nimeanza kusikia harufu ya ofisi yangu.

Tumeingia darasa la tano. Ubao mzima umejaa Kichina cha herufi kubwa.

Nataka kusema ukweli wa ubao ule: ulikuwa mzuri. Papa Constantin ana mwandiko ambao haupatikani tena mjini kwetu Likasi. Kila kijumba kimenyooka, kila kimiti kina mkia wake. Kichwa cha somo kimepigwa mistari miwili kwa chaki nyekundu, kwa rula. Watoto sitini na mmoja wameinama, ndimi nje, wananakili. Mezani pake, tableti yenye uzi mwekundu.

Nimeelewa pole pole. Yeye ndiye aliyepata ile tableti ya chini ya rundo, ile yenye nambari niliyoisahau. Hakutaka kumsumbua mtu. Orpha akamwachia ya kwake tangu jana, naye akabaki na vifuniko vyake vya soda.

Mkaguzi amemuuliza Papa Constantin hili ni somo gani. Mzee amesimama wima, chaki mkononi.

"Bwana inspecteur, minye nilikopya yote yenye ilikuwa mu tablette. Programme inabadilikaka kila mwaka. Sijaulizaka."

Mkaguzi amegeuza tableti. Amesoma kikaratasi changu kwa sauti. Ameuliza huyu Clovis ni nani, na, Mungu ni shahidi, alikuwa anatabasamu! Mtu akitabasamu nami nifanye nini? Nimejitokeza. Nimesema ni mimi. Nimesema kazi yote hii ni yangu, walimu wananitegemea sana.

"Ni weye njo ulitayarisha," amesema. "Muzuri. Utusomee."

Nimesoma. Nimeanza mstari wa kwanza kwa sauti ya kanisani, kidole ubaoni. Nimesema hapa tunafundishwa kwamba sehemu ni kipande cha kitu kizima. Mstari wa pili, nikasema, ni nusu, mfano nusu ya mkate. Wa tatu, robo. Watoto wameanza kurudia baada yangu, wote, kwa sauti moja. Nilikuwa naenda vizuri! Nilikuwa nimefika kwenye theluthi.

Kisha Orpha amebisha mlangoni. Alikuja kuchukua tableti yake aichomeke umeme. Ameangalia ubao, ameniangalia mimi, na nimeona hakutaka kusema. Mkaguzi amemuuliza kama anaelewa. Amejibu chini chini kwamba simu nyingi za mdogo wake sokoni zinafika na maneno hayo hayo.

"Iko inasema batterie iko karibu kuisha. Iko inaomba chargeur."

Watoto, kwa kuwa wamefundishwa vizuri, wamerudia hilo pia.

Orpha amegusa kioo mara tano, Kifaransa kimerudi, chungwa limetokea. Mkaguzi ametia sahihi daftari la Papa Constantin na kuandika pongezi za mwandiko. Orpha ndiye msimamizi. Ofisi na dirisha, vyote vyake. Ameomba mimi niwe nabeba tableti asubuhi, kwa sababu, amesema, najua vizuri njia ya kabati. Sijui alimaanisha nini. Nimepiga kengele ya mwisho kwa hasira, dakika nane kabla.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Reine. Amerudi kutoka sokoni akiwa ameshayapata yote kwa yule mdogo wa Orpha anayeuza simu. Amecheka hadi ameketi juu ya gunia la makaa. Kisha ameacha kucheka.

"Kesho utaambia bantu ukweli," amesema. "Minye nitavaa ile robe. Nitasimama pembeni yako."

Nimelia kidogo. Simstahili mke huyu. Nimeahidi. Nimeapa. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimesimama mbele, Reine pembeni, gauni linang'aa. Ukweli ulikuwa mdomoni kabisa. Nimesema, "Ndugu zangu, ile ofisi..."

Mchungaji Cédrick amenikata. Amesema Mungu hakawii! Kanisa limepewa kompyuta na mashine ya kurusha maneno ya nyimbo ukutani, na mwenye kuelewa mambo hayo ndiye huyu amesimama hapa. Kwaya imeanza kuimba. Mikono kumi imenishukia kichwani. Reine amenikanyaga mguu, kwa nguvu. Ningefanya nini? Nimesema amina.

Hakuna mtu wa kulaumu. Nilikuwa nimeanza sentensi.

Kompyuta ni nzuri sana. Nimeshaweka nambari ya siri, kwa usalama tu. Tatizo ni Tina, kiongozi wa kwaya. Amekaa nyuma yangu akitazama vidole vyangu, na ameniuliza swali ambalo linaonyesha anajua mashine hizi. Jumatano yeye ndiye atakayeiendesha kwenye mazoezi.

Nitapita Jumanne, nibadilishe lugha kidogo. Lakini si Kichina, kosa lilikuwa hapo. Safari hii nitaweka Kijerumani.