Kibandiko Kikubwa Kuliko Kifaa

Idara Kuu ya Vibandiko vya Vifaa vya Matibabu iliutangazia umma, kwa furaha kubwa na kwa herufi kubwa, kwamba taifa limefanikiwa kuvumbua kifaa cha kusikia kidogo kuliko vyote vilivyowahi kuingia sikioni, na kwamba mvumbuzi wake ameagizwa akikuze haraka iwezekanavyo.

Tangazo hilo liliandikwa na Afisa Mbandikaji Mwandamizi, bwana mmoja mwembamba, nadhifu, ambaye ofisi nzima ilimwita Gundi. Jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na katika muda wote huo hakuna kibandiko hata kimoja alichokibandika kikaenda upande. Nyumbani alikuwa na mke na watoto watatu, wazuri tu, lakini ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu kwa mkato, ukimuuliza habari za gundi mpya ya idara alivuta kiti.

Kibandiko kilikuwa na urefu wa sentimita saba na upana wa sentimita nne. Juu yake kulikuwa na nembo ya idara, namba ya kibali na tarehe. Nusu nzima iliyobaki ilichukuliwa na picha ya Mkurugenzi Mkuu akitabasamu kwa kiasi. Kanuni zilitaka sura yake itambulike na mgonjwa yeyote bila miwani, na sababu ni za msingi kabisa: mtu amelazwa, mashine inampumulia pembeni, lazima ajue nani wa kumshukuru.

Kifaa kilicholetwa kilikuwa na urefu wa milimita tisa.

Aliyekileta aliitwa Fundi, maana ndiye hasa. Alikuwa amefanya kazi miaka minane katika kiwanda cha chipu za simu, ameinamia hadubini kutwa nzima, akiunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele. Baadaye akapanga chumba nyuma ya duka la cherehani, akaanza kuhangaika na chipu yake mwenyewe, inayoyachukua maneno ya watu na kuyaacha makelele. Hakuitengeneza kwa ajili ya taifa. Aliitengeneza kwa ajili ya mama yake, ambaye kwa miaka sita alikuwa akicheka baada ya wenzake. Wenzake wakiangua kicheko, yeye huwatazama kwanza nyuso, halafu ndipo hucheka. Fundi alikuwa akikiona kile kicheko kinachochelewa na roho inamuuma.

Alipokimaliza kifaa, mama yake alicheka pamoja na watu siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili Fundi, kwa kuwa ni raia mwema, akakipeleka idarani kupata kibali ili watu wengine nao wakipate. Kifaa kikishaingia idarani kinaitwa sampuli, na sampuli haitoki bila kibandiko. Kilikuwa kimoja tu. Sasa ilikuwa wiki ya tano, na Jumamosi mama mdogo wa Fundi alikuwa anakuja kutoka mbali. Yeye na dada yake walikuwa hawajaonana kwa miaka tisa.

"Habari za leo, kaka," Fundi alisema pale dirishani, Jumatatu asubuhi. "Nimekuja tena kuhusu kile kifaa. Jumamosi mama ana mgeni."

"Nzuri, dada. Umeshapata namna ya kukikuza?"

"Kaka, sikio la mama halijakua."

"Hilo ni suala la sikio," alisema Gundi kwa upole. "Sisi hatushughuliki na masikio. Masikio yako wizara nyingine."

"Basi tupunguze kibandiko. Mimi nina leza. Naweza kukichora chote juu ya kifaa. Nembo, namba, tarehe."

"Na picha?"

"Na picha."

"Itakuwa na ukubwa gani?"

"Kama kichwa cha siafu."

Gundi alitazama kushoto, akatazama kulia, akaufunga mlango wa nyuma yake. "Dada, tafadhali, punguza sauti. Unataka kumweka Mkurugenzi Mkuu kwenye kichwa cha siafu?"

Jumatano Fundi alirudi na boksi la mbao la ukubwa wa sabuni ya mche, akaomba kifaa kitiwe ndani na kibandiko kibandikwe juu. Wazo lilipokelewa vizuri. Kamati ya Ukubwa wa Vitu Vidogo, yenye wajumbe kumi na mmoja na birika mbili za chai, ilikaa saa nne ikalijaribu boksi kwenye sikio la mjumbe mmoja baada ya mwingine. Uamuzi uliandikwa kwa lugha safi: boksi limekidhi vigezo vyote vya kibandiko, ila sikio halijakidhi vigezo vya boksi. Mwombaji alishauriwa aendelee kuvumbua.

Fundi hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, boksi mapajani, akisema peke yake, "Siku tatu. Zimebaki siku tatu." Gundi alimwona kupitia kioo na akamhurumia sana. Tusimsingizie, alikuwa na moyo. Kile kifaa alikiweka kwenye droo yake, kimezungushiwa pamba, na kila siku kabla ya kufunga ofisi alikifungua akakitazama, jinsi kilivyonyooka, jinsi kisivyo na doa. Yeye naye alikuwa mtu wa kazi safi.

Siku iliyofuata, muda wa chakula cha mchana, hakula. Alikichukua kitabu cha Kanuni za Ubandikaji, kurasa mia mbili na kumi na mbili, akaanza kukisoma tangu mwanzo kwa mara ya kwanza, maana kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisoma zile kurasa zinazohusu gundi tu. Alipofika kifungu cha thelathini na moja, alisimama wima. Kiliwekwa kwa ajili ya mitambo ya hewa inayofungwa ukutani kwa skrubu, na kilisema kwamba pale kifaa kisipokuwa na nafasi ya kutosha, kibandiko kitabandikwa kwenye sehemu bapa iliyo karibu zaidi ya kitu kinachokishikilia kifaa hicho.

Ijumaa kamati ilikutana tena, safari hii mbele ya Mkurugenzi Mkuu mwenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo idara nzima ililijua na hakuna aliyewahi kulitamka. Mkurugenzi Mkuu hakuwa anasikia. Masikio yalianza kumtupa mkono zamani, naye akaliona ni jambo la siri za serikali. Vikaoni alikuwa akitikisa kichwa kwa busara. Kwa kutikisa kichwa alikuwa ameidhinisha kumbi mbili za mikutano, safari arobaini za kujifunza, na likizo ya dereva wake iliyokuwa inaingia mwaka wa tatu.

Gundi alikisoma kifungu kwa sauti. Wajumbe wakaguna. Mkurugenzi akatikisa kichwa.

"Mheshimiwa," alisema Fundi, "naomba nikuonyeshe kinavyofanya kazi. Nikuwekee sikioni?"

Mkurugenzi akatikisa kichwa. Fundi akakipokea kifaa kutoka kwa Gundi, akamwendea, akakisafisha kwa pamba na spiriti, akakiingiza taratibu kwenye sikio la kulia.

Chumba kilikuwa kimya, isipokuwa feni na mjumbe mmoja mnene wa upande wa dirisha aliyekuwa akimnong'oneza jirani yake: "Anaitikia tu huyo. Hata hajui amewekewa nini."

"Najua," alisema Mkurugenzi.

Wajumbe kumi na mmoja waliacha kutafuna kwa wakati mmoja.

Mkurugenzi akageuza kichwa polepole. Akaisikiliza feni. Akajitingisha kwenye kiti chake, akajitingisha tena. "Kumbe kiti changu kinalia," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Tangu lini kinalia?" Akapiga meza, akausikia mlio wake, akaipiga mara ya pili kwa raha tu. "Kifaa kimepita! Bandika! Bandika sasa hivi!"

Agizo ni agizo. Gundi alitoa kibandiko, akachukua rula, akatafuta kitu kinachokishikilia kifaa, kisha sehemu yake bapa iliyo karibu zaidi. Shavu la Mkurugenzi Mkuu lilikuwa pana, limenyolewa vizuri, na lilikuwa kavu. Sentimita saba kwa nne zilitosha na nafasi ikabaki. Akakibandika, akapitisha kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni kutoa hewa, akarudi nyuma hatua mbili kukagua. Hakikwenda upande hata kidogo.

"Nini hiki?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kifungu cha thelathini na moja, bosi. Sasa naomba kifaa. Sampuli ikishapata kibali hurudishwa kwa mwombaji siku hiyo hiyo. Kifungu cha tisa. Sahihi ni yako."

"Na mimi je?"

"Fomu ziko dirisha la nne, bosi. Utapewa namba."

Kifaa kikatoka sikioni, kikaingia kwenye kiganja cha Fundi. Mkurugenzi akasema "Eh?" Akashika shavu, akavuta, akapiga yowe dogo. Gundi ilimbidi amweleze kwa maandishi, kwa fahari aliyoshindwa kuificha, kwamba gundi ile inadumu miaka mitano, haiogopi maji wala sabuni, na kwamba mtu akilazimisha, kibandiko hutoka na ukuta.

Halafu akageuza ukurasa. Kifungu cha thelathini na moja kilikuwa na sehemu ya pili. Ilisema kifaa cha namna hiyo hakitatumika zaidi ya mita kumi kutoka kilipo kibandiko chake, ili mkaguzi avione vyote viwili bila kuhangaika. Gundi alimsogezea kitabu Mkurugenzi, akaweka kidole kwenye mstari. Mkurugenzi akasoma. Akashuka chini ya ukurasa kuitafuta sahihi ya mjinga aliyepitisha jambo hilo, akaikuta ni yake.

"Kwa hiyo Jumamosi utakuwa kwa huyu dada," Gundi akamwandikia. "Saa nne asubuhi."

Mkurugenzi alikuwa anafikiria mambo mengi kwa wakati mmoja, na kwa mazoea ya miaka mingi akatikisa kichwa. Mashahidi walikuwa kumi na mmoja. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Jumamosi saa nne alikuwa sebuleni kwa mama yake Fundi, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, suti kamili. Sura ya shavuni ilitabasamu kwa kiasi. Ile nyingine haikutabasamu. Gundi alikaa pembeni yake na futi kamba, akiwa na soda aliyokaribishwa, na kila mama mwenye nyumba alipobadilisha kiti alipima upya na kuandika.

Mama mdogo alifika na mabegi mawili. Yakadondoshwa mlangoni. Ndugu hao wawili walikumbatiana, wakalia, wakatazamana mikunjo, wakalia tena. Gundi akawaamkia wote wawili, wakamwitikia marahaba, na Mkurugenzi akatikisa kichwa.

"Dada," alisema mama mdogo alipojifuta machozi, bila kunong'ona wala nini, "na huyu mzee aliyebandikwa?"

"Hicho ni kibali cha sikio langu."

"Wote wawili?"

"Yule mdogo ndiye kibali. Huyu mkubwa ni ukuta."

Kicheko kikawatoka pamoja, dada na mdogo wake, hakuna aliyetangulia wala aliyechelewa. Fundi alikisikia akiwa jikoni na sufuria mkononi. Akaiweka motoni, akaegemea meza, akalia kwa furaha mpaka maji yakaanza kufurika kwenye jiko.

Wakaongea mpaka saa saba. Wakamsema marehemu shangazi yao, wakawasema wakwe, na walipokwisha wakwe wakamgeukia Mkurugenzi: suti yake, viatu vyake, kimya chake cha kiungwana. Kwa kila neno alitikisa kichwa, nao wakakiri kwamba hawajawahi kukutana na kiongozi anayekubali kukosolewa namna hiyo.

"Sasa twende kwa rafiki yetu," alisema mama, akijifunga kanga. "Nyumba ya nne kutoka hapa. Atafurahi kukuona."

Gundi akatoka nje na futi kamba, akapima, akarudi. Mita arobaini na mbili. Akaandika kwenye karatasi neno moja, "Tunahama," akalishika mbele ya macho ya bosi wake.

Mkurugenzi Mkuu akalisoma. Akawatazama akina mama wawili waliokuwa tayari wako barabarani, wameshikana mikono, wakicheka. Kisha akainuka, akakibeba kiti chake mwenyewe, akawafuata mbio mbio kabla hawajafika mita ya kumi.