Ombi la Kumzika Folkert Upya

Dokkum, 9 Machi

Kwa Meneja wa Idara ya Kuhamisha Barua,
Kampuni ya Posta ya Terpbode

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima, na kwamba barua zako wewe zinakufikia. Mimi ni Doeke Wiersinga, mpima jibini mstaafu, niliyehama nyumba mwezi wa Januari nikayaamini matangazo yenu. Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Basi kaa kitako unisikilize.

1. Mlinitoza yuro arobaini na saba ili barua zinifuate kwa miezi sita. Nikalipa. Kisha mkadai nyingine kama hizo kwa ajili ya mke wangu Tjitske, eti kwa kuwa anatumia jina la baba yake. Miaka arobaini na moja tunalala kitanda kimoja, lakini kwenu sisi ni kaya mbili.

2. Ili kuthibitisha kwamba nimehama, mlinitumia namba ya siri kwa barua. Mliituma kwenye nyumba niliyohama! Nilipopiga simu, binti yenu akaniambia, "Usijali babu, ukishaipata tu hiyo barua, tupigie." Nikamuuliza nitaipataje. Akajibu, "Si ndiyo maana umelipia huduma, babu?"

3. Baada ya wiki tatu huduma ikaanza, sijui kwa namba ya nani. Tangazo la vifaa vya viziwi lilinifikia kwa siku moja. Kadi ya msiba wa rafiki yangu Folkert, yenye ukingo wa kijivu ambao kila tarishi anajua haungoji, mliipeleka nyumba ya zamani. Ikarudishwa posta, ikanifikia siku tisa baada ya maziko. Mimi na Folkert tumeteleza barafuni kwa viatu vya chuma pamoja tangu tukiwa na miaka sita. Mjane wake aliniwekea kiti cha mbele, kikabaki kitupu, na sasa hanisemeshi. Inaniuma, Mheshimiwa, wala sitajifanya hainiumi.

4. Kwa hiyo naomba kampuni yako igharimie mazishi ya pili ya Folkert: kanisa lilelile, kahawa, na kipande kimoja cha keki kwa kila mtu kama ilivyo desturi, nami nipewe dakika tano za kusema. Marehemu hatapinga, hakuwahi kuwa na haraka. Wafanyakazi wenu wote wahudhurie. Mialiko yao nitaipeleka kwa mkono, maana mkiituma wenyewe hawatafika.

Nisalimie wote hapo ofisini, na yule binti wa simu mwambie sijamsahau.

Wako, ninayengoja kwenye anwani mpya,
Doeke Wiersinga

Nyongeza: Tafadhali msimhoji Rutger, aliyenunua nyumba yangu. Ni jirani yangu wa ukuta. Nilihama kutoka namba 14 kwenda 16, nyumba inayofuata upande uleule wa barabara, kwa sababu ya magoti na ngazi. Alipoukata mti wangu wa peasi niliapa sitamsemesha, ndiyo maana nikawalipa nyinyi. Siku mbili kabla ya maziko alikuja mwenyewe na kadi mkononi, akabisha hodi mara tatu. Nilijibanza nyuma ya pazia mpaka akaondoka, na ule ukingo wa kijivu niliuona.