Ujumbe wa Mkuu Haujibiwi

Kaimu alikuwa katikati ya kuwapanga wajumbe kwa vyeo, kwenye jukwaa la treni ya chini ya ardhi usiku mmoja, simu zote zilipolia kwa mpigo. Mkuu wa Msafara alikuwa ametoa tangazo.

"Ndugu wajumbe," lilisema tangazo, "baada ya tafakuri ya kina, kuanzia sasa kupotea kumefutwa. Mjumbe atakayeonekana amepotea atahesabika kuwa yuko mahali pengine kwa ridhaa yake."

Mkuu mwenyewe alikuwa amesimama hatua chache mbele yao, ameshika kishikwambi chake kifuani. Angeweza kugeuka tu akawaambia. Lakini Mkuu wa Msafara hasemi na watu kwa kugeuza shingo. Aliandika, akarusha, na maneno yake yakapanda mpaka angani na kurudi kwenye simu za watu waliokuwa wakisikia harufu ya manukato yake.

Msafara wenyewe ulikuwa wa kihistoria. Wizara nzima, ukiacha walinzi wa lango na paka wa jikoni, ilikuwa imekuja ng'ambo kwa Ziara ya Mafunzo ya Namna ya Kupunguza Ziara. Asubuhi ile walikuwa wamepokewa na ofisa wa huko, mama mmoja aliyevaa sweta, akawaeleza kwamba wao walipunguza ziara kwa kuacha kusafiri. Kisha akauliza kama kuna swali. Wajumbe walimwomba arudie taratibu, wakaandika, wakapiga naye picha mmoja mmoja, na mafunzo ya juma zima yakawa yamekwisha kabla ya chai.

Watu wengi namna ile, katika mji ambao hata vibao vya choo hawakuvielewa, walihitaji mawasiliano ya uhakika. Hapo ndipo Kaimu alipoingia.

Cheo chake kamili kilikuwa Kaimu Mratibu wa Mawasiliano. Alikuwa amekaimu kwa miaka mingi hata watu wakasahau jina lake. Mama mkwe wake akimpigia simu husema, "Kaimu mwanangu, hujambo?" Lakini kabla ya safari Mkuu alimwita ofisini, akamfungia mlango, akamwambia, "Nirudishie msafara huu mzima, asipungue hata mmoja, nami nitakuthibitisha. Akipungua mtu utakaimu mpaka ustaafu. Na kustaafu kwenyewe utakaimu."

Kwa hiyo Kaimu alisimamia kundi la simu kwa moyo wake wote. Mjumbe akiwa na la kusema alimtumia yeye kwanza. Kaimu aliliremba, akalitangulizia salamu kwa Mkuu, kwa Naibu na kwa wakurugenzi wote kwa kufuata ukubwa wa viti vyao, ndipo akaliweka kundini. Kusema kwa mkato kwamba itifaki imezingatiwa kulipigwa marufuku, kwa kuwa ni uvivu. Siku waliyofika, mkurugenzi mmoja alikwama kwenye lifti ya hoteli. Ujumbe wake wa "Nitoeni" ulipita ngazi zote, ukatoka mzuri kabisa, ukamkuta ametolewa zamani na mfagizi.

Ama ujumbe wa Mkuu ulikuwa na kanuni yake peke yake: haujibiwi, unaungwa mkono. Hapo tu ndipo kila mjumbe aliporuhusiwa kuandika mwenyewe, tena haraka.

Treni ikaja, milango ikafunguka. Mkuu akaingia peke yake kwenye behewa la mbele, kama ilivyo desturi, maana hakuna anayepanda chombo mpaka Mkuu akae na kutikisa kichwa. Akachagua kiti. Akakifuta kwa leso. Akakaa, akakunja nne, akanyoosha tai. Nje, wajumbe walisubiri kwa adabu, mikono nyuma. Mkuu akainua kichwa ili akitikise, na milango ikajifunga.

Kwa haki, milango ile haikuwahi kuhudhuria semina yoyote ya itifaki. Treni ikaanza kuondoka, na wajumbe, kwa kuwa Mkuu alikuwa akiondoka, wakapiga makofi.

Makofi yakafifia.

"Hivi," ilisema sauti, "tumemsindikiza aende wapi?"

Aliyesema ni Shemeji, mdogo wake mke wa Kaimu, wa Idara ya Takwimu. Ndiye pekee aliyejua lugha ya nchi ile, na ndiye pekee aliyeweza kumvunjia Kaimu heshima bila kupitia ngazi.

"Ametangulia," alisema Kaimu.

"Ametangulia! Shemeji, yule amepotea."

"Shh! Kupotea kumefutwa."

"Haya, basi yuko mahali pengine. Unapajua?"

Naibu akasogea. Alikuwa mama mpole ambaye kwa miaka yote alikubaliana na kila kitu, kwa hiyo hakuwahi kukosea. "Mpigie," alisema.

Kaimu akapiga. Simu ikalia pale pale. Mbeba Mkoba wa Mkuu akafungua mkoba mweusi, akaitoa, akaiweka sikioni kwa mikono miwili.

"Ofisi ya Mkuu."

"Ni mimi, Kaimu. Niko hapa mbele yako."

"Nakuona. Mkuu yuko kikaoni."

"Hayuko kikaoni! Yuko kwenye treni!"

"Basi akishuka nitamwambia ulipiga," alisema Mbeba Mkoba, akakata, akairudisha simu mkobani, kando ya pasipoti ya Mkuu, miwani yake ya kusomea na viatu vyake vya akiba.

Ndipo kishikwambi cha Mkuu kilipoanza kuongea kundini, kutoka gizani handakini.

"Ndugu wajumbe, nimegeuka nyuma sikumwona mtu."

"Hongera, Mkuu, kwa kugeuka," aliandika mkurugenzi mmoja upesi. "Viongozi wangapi hugeuka?"

"Tunaunga mkono!" wakaandika wengine.

"Sitanii. Niko peke yangu."

"Tuko pamoja nawe, Mkuu!"

"Hamko! Nimewatafuta mpaka chini ya viti!"

"Tunaunga mkono juhudi za kututafuta," aliandika mtu wa Mipango, akaweka ua.

"Acheni maua! Treni inazidi kwenda mbele!"

"Mbele daima!" Na vikatuni vya makofi vikajaa kioo kizima, ujumbe wa Mkuu ukasukumwa juu usionekane tena.

Kaimu aliandika upesi, kwa utaratibu: kwa heshima na taadhima kwa Mkuu, kwa Naibu, kwa Mkurugenzi wa Sera, kwa Mkurugenzi wa Utekelezaji wa Sera, kwa Mkurugenzi wa Kinachozuia Utekelezaji, na kuendelea, halafu huko chini kabisa, kwa unyenyekevu, ushauri kwamba Mkuu aone kama inafaa kushuka kituo kinachofuata. Akatuma. Kwenye kioo zilionekana salamu peke yake. Ushauri ulifichwa nyuma ya maneno "soma zaidi", na Mkuu hakuwahi kuyabonyeza maishani mwake. Alishasema hadharani kwamba barua ikimtaja vizuri mwanzoni imekwisha timiza wajibu.

"Salamu zimefika," alijibu Mkuu. "Halafu?"

"Naona tuunde kamati ndogo," alisema Naibu.

"Ya nani na nani?"

"Sisi sote. Lakini ndogo."

Kamati ikakaa kwenye mabenchi ya jukwaani, abiria wa watu wakisimama. Mkurugenzi wa Sera alifungua kwa hoja nzito. Msafara, alisema, ni pale alipo Mkuu. Mkuu yuko kwenye treni. Kwa hiyo msafara uko kwenye treni, na waliopotea ni hawa walioko hapa. Na kwa kuwa kupotea kumefutwa, hawa wako hapa kwa ridhaa yao.

"Mimi sina ridhaa yoyote, nina njaa," alisema Shemeji.

Hoja ikapita.

Hapo akaja mhudumu wa kituo, msichana mwenye kofia ya buluu, akamwuliza Shemeji kwa nini wazee hawa wamekalia mabenchi yote. Shemeji akamweleza. Mhudumu akaziba mdomo kwa kiganja, kwanza kwa kicheko, kisha kwa hofu. Wakaongea kwa haraka, mikono ikirukaruka. Shemeji aliporudi kwa Kaimu uso ulikuwa umebadilika.

"Sikiliza. Treni ile ikifika mwisho wa njia hukatwa. Mabehewa ya nyuma hubaki. Ya mbele huunganishwa na nyingine na kuvuka mpaka."

"Mpaka gani?"

"Wa nchi, Shemeji! Ataingia nchi nyingine bila pasipoti. Bado vituo viwili tu."

Kaimu akautazama ule mkoba mweusi.

"Mwandikie neno moja," alisema Shemeji. "Shuka."

"Mkuu haamrishwi."

"Basi mwache aende akafanye ziara ya pili."

"Nikimwandikia hivyo mimi kazi sina."

"Na akivuka unayo?"

Kaimu aliwatazama wajumbe, wakiwa wameinamia simu zao, bado wanaunga mkono. Akaifikiria ofisi yake, na kile kibao cha mlangoni ambacho neno lake la kwanza liliandikwa kwa chaki ili lifutike kirahisi, na mwishowe likagoma kufutika. Akijaribu alikuwa amekwisha. Asipojaribu alikuwa amekwisha vilevile. Akafuta kiganja kwenye suruali. Akaandika bila salamu kwa mtu yeyote, hai wala aliyestaafu:

"Shuka."

Akafumba macho, akatuma. Halafu, kwa kuwa alishaingia majini, akaongeza: "Kaa kwenye benchi. Usiende popote."

Vidole vya wajumbe vikasimama. Mkurugenzi wa Sera alivua miwani. Kwenye kundi hakukuwa na ua wala makofi. Mtu wa Mipango alisogea mbali kidogo na Kaimu, kama vile jambo lile linaambukiza.

Treni nyingine iliingia, ikatoka.

Ndipo simu zikalia.

"Nimeshuka," aliandika Mkuu. "Nimekaa. Nifanye nini tena?"

Naibu aliusoma ujumbe ule kwa sauti ndogo, akaurudia. Tangu aajiriwe hakuwahi kumsikia Mkuu akiuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake mfukoni.

Mhudumu akapiga simu kule. Ndiyo, walimwona: mzee mwenye tai, amekaa wima, anasalimia kila anayepita na hakuna anayeitikia. Wamempa blanketi, chai na chumba cha wafanyakazi, lakini amekataa kuondoka kwenye benchi. Anasema ana maagizo. Hata hivyo reli ya upande ule ilikuwa inafungwa kwa matengenezo. Wa kumfuata wamfuate asubuhi.

Simu zikalia tena.

"Mratibu, samahani, naruhusiwa kusimama? Mguu umekufa ganzi."

Kaimu alisoma pole pole, kama alivyosoma kila kitu. Akarudia mwanzo. Shemeji, aliyekuwa akichungulia begani kwake, akapiga kigelegele ambacho abiria wa jukwaa la pili walikigeukia.

"Amekuita Mratibu! Mratibu mtupu!"

"Amekosea kuandika. Ni baridi."

"Mkuu hakosei, iko kwenye kanuni zenu." Akachomoa simu yake, akaandika: "Tunaunga mkono."

Wajumbe waliona maneno waliyoyazoea, mikono yao ikaenda yenyewe. "Tunaunga mkono." "Uteuzi wa wakati mwafaka." "Hongera, Mratibu, kwa kuaminiwa."

"Uteuzi gani?" aliandika Mkuu. "Mimi nimeuliza habari ya mguu."

Na hilo nalo likaungwa mkono na wote, akiwemo Naibu, aliyeongeza ua.

Mratibu, maana sasa hatuna ruhusa ya kumwita vingine, akajikuna kidevu, akaandika: "Simama. Nyoosha mguu. Kisha kaa."

"Asante sana," alijibu Mkuu.

Ikabaki kazi ya kupanga safari ya kumfuata. Mhudumu alieleza kupitia Shemeji kwamba milango hufunguka kwa muda mfupi, hivyo waingie wote kwa pamoja kupitia milango yote. Wajumbe walimtazama kwa huruma, wakamshukuru kwa mchango wake. Naibu alisema atatangulia yeye. Mkurugenzi wa Sera alikumbusha kwamba sera hutangulia. Mbeba Mkoba alisema mkoba ni wa Mkuu, na kitu cha Mkuu hakiwezi kupanda nyuma ya mtu. Mratibu aliwapanga upya mara kadhaa, akafika katikati ya mstari, taa za jukwaa zikaanza kuzimwa na mhudumu akawaomba waondoke. Wakaacha waliposimama, waendelee kesho.

Ngazini simu ikalia. Mkuu aliomba kujua kama anaruhusiwa kulala ubavu.

Mratibu alikuwa amechoka, na alikuwa na viongozi wengi wa kuwavusha barabara.

"Ombi lako limepokelewa," aliandika. "Litaangaliwa kesho."