Daftari Langu la Dodo na Sambaza

Leo benchi zima la wajawazito hapa kliniki ya Kamembe limenijua. Sina pa kuweka uso.

Mnajua sukari yangu ilipanda na mimba hii. Wiki mbili zilizopita muuguzi alinipa daftari: "Zawadi, andika kila unachotia mdomoni." Akanionya kwamba sukari ikibaki juu, mtoto ananenepa kupita kiasi na kumzaa kunakuwa vita. Hakuwa na haja ya kunieleza. Mtoto wangu wa kwanza alikwama hivyo hivyo, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Basi ningefuata, si ndiyo? Ningefuata, kama mama mkwe asingekuja kutoka Nzahaha kunitunza. Yule mama akikupikia, anasimama mlangoni mpaka kikombe kiishe. Uji wa mtama, sukari vijiko vitano. (Nilivihesabu. Nilichoweza ni kuhesabu tu.) Kwao, mukazana, yaani mke wa mtoto wao, akikataa chakula cha mama mkwe amemtukana. Na nimwambie nina sukari? Aseme mwanawe ameoa mgonjwa? Thubutu!

Nikanywa. Kila siku. Daftari likabaki jeupe.

Leo asubuhi, nikisubiri zamu, nikazijaza siku zote kumi na nne kwa mkupuo mmoja. Dodo, yaani mchicha. Maharage. Sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nusu parachichi. Dodo tena. (Hata mbuzi hali majani kiasi hicho.) Mama mkwe alikuwa ameng'ang'ania kunisindikiza. Hajui kusoma. Alikaa pembeni yangu anatabasamu, akidhani naandika barua.

Tukaingia wote wawili. Muuguzi akanitoboa kidole, akatazama mashine, kisha akasoma daftari kwa sauti.

"Dodo, maharage, sambaza... Unakula hivi na sukari bado iko juu? Basi chakula peke yake hakitoshi. Naenda kwa daktari akuandikie sindano."

Mama mkwe akaruka. "Sindano ya nini? Huyu anakulaka muzuri! Njo mimi niko namulisha!" Akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti ya sokoni, na mlango uko wazi. "Asubuyi uji, sukari vijiko tano. Saa ine mandazi tatu. Mangaribi soda na ndizi ya kukaanga. Hata siku moja hajabakisha! Mumuulize!"

Mungu wangu! Jasho likanitoka mpaka kisogoni. Kule benchini mama mmoja akauliza, "Na dodo je, ilikuliwa na nani?" Kicheko kikazagaa korido nzima.

Muuguzi hakucheka. Akafunga daftari polepole. "Zawadi, sindano ya kushusha sukari ingepimwa kwa uongo huu. Siku ambayo ungekula kweli haya uliyoandika, sukari ingeanguka, ungezimia na mtoto tumboni." Kisha akaniuliza kama anaweza kumweleza mama mkwe. Nikatikisa kichwa kukubali. Akamweleza yote: uji wenyewe hauna shida ukinywewa kidogo, ila sukari vijiko vitano, mandazi na soda ndivyo vinavyomuumiza mtoto.

Mama mkwe akakaa. Akaitazama mikono yake.

"Basi ni mimi nilikuwa namuua?"

"Hapana, Mama. Ni mimi. Nilikuogopa."

Tukatoka mpaka getini. Hapo akanishika mkono, machozi yanamtiririka, watu wanapita wanatutazama.

"Zawadi, ule mutoto wa kwanza, njo mimi nilimuosha. Na hii mikono. Unazani nitapenda heshima ya uji kuliko huyu wa tumboni?"

Nililia kama mtoto, pale pale barabarani.

Dada zangu, nawaomba msinicheke. Yaliyo tumboni mwako yaseme mwenyewe mapema, mimi nimesemewa.