Chatu Anayeuliza Kama Umekula

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Binti anaondoka keshokutwa. Usaili wa kazi, mji wa mbali, siku mbili nzima! Nikamwuliza nani atamkumbusha kula. Akasema yeye ni mtu mzima. Kwani njaa huuliza umri? Tena akishaishika kompyuta hajibu simu, hata nyumba iungue.

Nimepata dawa. Ile lugha ya kompyuta anayowafundisha wasichana sebuleni, nami pembeni nashona, masikio yote kwao. Inaitwa Python, yaani chatu. Hawakuona mnyama mwingine? Lakini mpole! Maneno machache ya Kiingereza, Binti huyatafsiri: ikiwa, la sivyo, maadamu. Mstari mmoja, jambo moja. Mimi niliyeishia darasa la nne nausoma na kuuelewa!

Wifi yangu kasikia, kacheka hadi kijiko kikamponyoka. Ati mwanawe anaandika lugha iliyojaa mabano kama senyenge, hata mwenyewe akiirudia kesho haielewi. Anajisifia hilo! Nikamwambia, mshono asioweza kuufumua fundi mwenyewe si ufundi.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Binti kaenda kununua viatu. Kwenye kompyuta ya nyumbani nikafungua programu yake ya kuwakumbusha wanafunzi somo. Hutuma ujumbe mmoja, basi. Nikaweka namba yake yeye, na "Umekula?" Chini nikaongeza: maadamu hajajibu, tuma tena. Kwa mkono wangu! Machozi kidogo.

Halafu nikaona baadhi ya mistari imejongea ndani kama walevi. Aibu kwa wageni. Nikainyoosha yote. Nikatia na "tafadhali". Mashine ikagoma! Ila kistaarabu, ikanitajia mstari wenye kosa. Wifi hajawahi kunikosoa kwa adabu hivyo.

Binti aliporudi nikamwuliza kama mtu asiye na lake jambo. Akasema mstari uliojongea ni wa ule ulio juu yake, kama vifaranga na mama yao. Ukiwapanga sawa, mashine haijui nani wa nani. Na "tafadhali" haihitajiki. Lugha nzuri, ila haikulelewa.

Jumatano, tarehe 6 Machi
Kaondoka. Nimewarudisha vifaranga kwa mama yao, na "tafadhali" nimeifuta. Mashine imekubali! Nitaiwasha kesho, saa ya chakula. Wifi kasema haitafanya kitu. Nimemkaribisha ashuhudie.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Nikabonyeza. "Umekula?" Ikaenda. Nikamtazama wifi, shingo juu. Ikaenda nyingine. Na nyingine. Na nyingine! Kama choroko za gunia lililopasuka. Sikuiambia ipumzike! Wifi akapiga kelele niizime. Nikamwambia si adabu kumkatiza mtu akiuliza. Akachomoa waya. Kumbe kompyuta ina betri! Ikaendelea.

Simu ikalia. Binti, sauti ndogo kama sindano. Picha ya simu yake ilikuwa imerushwa ukutani mbele ya mabosi, anawaonyesha kazi yake. "Umekula?" zimeifunika yote. Akaniomba niizime, akakata. Nikaizima, nikakaa sakafuni. Nimemponza mwanangu. Kazi imekwenda na maji.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Sijashona hata kifungo. Jioni mlango ukafunguliwa: Binti, anacheka hadi anajishika mbavu!

Bosi mkubwa aliuliza nani kaandika kitu kile. Akajibu, mama yangu, fundi cherehani. Bosi akataka kukiona, naye akakifungua palepale, maana faili la nyumbani huonekana hata kwenye simu yake. Wakamwita mtunza stoo wao, ambaye hajawahi kugusa programu, akasoma mstari wangu, akasema: huyu mama kasahau kuipumzisha. Asubuhi nzima ya jana Binti alikuwa akiwaambia kwamba lugha hii hata mtu wa stoo ataisoma na kuona kosa. Hawakuamini mpaka mimi nilipokosea.

Kazi kaipata! Anaanza wiki ijayo. Akaniapisha: nisimwulize tena kwa mashine kama amekula. Nikaapa, mkono kifuani.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Kiapo ni kiapo. "Umekula?" nimeifuta. Nimeandika "Umevaa sweta?" Na safari hii inapumzika dakika nzima kati ya swali na swali. Mimi si mkatili.

Wifi kaja kwa mlango wa nyuma, kicheko hana. Mwanawe naye hajibu simu. Nikamwongeza.

Halafu nikamkumbuka bosi mkubwa. Binti kasema ni mwembamba kama ufito. Nani humwuliza yule kama amekula? Namba yake ipo kwenye barua ya kazi, mezani. Na kiapo changu hakikumtaja. Nimemwandikia "Umekula?" yake.

Nimebonyeza.