Nembo ya Kina Mama wa Sufuria

Mafuta hakuwa mtu wa kuamka na mpango. Mipango, alipenda kusema, ni kazi ya wasio na macho, na yeye alijaliwa macho mawili mazuri na ulimi uliozidi yote mawili. Ndiyo maana mjini walimwita Mafuta: maneno yake yalimteremka mtu kooni bila kukwama.

Asubuhi hiyo macho yake yalitua kwenye baraza la duka la jumla, ambako kina mama watatu walikuwa wakigombana juu ya marobota mawili. Moja lilikuwa la aproni na fulana, la pili la mifuko ya turubai. Vyote vipya, vyeupe, havina hata herufi moja. Mafuta akameza mate. Mali isiyo na jina la mwenyewe ina soko kila kona.

"Tunadarizi!" alisema bibi mmoja, akiwatazama wenzake juu ya miwani yake.

"Bibi, tunachapa kwa rangi," alijibu mwanamke mrefu ambaye wenzake walimwita Mwenyekiti. "Hizi nguo za jikoni, si za bibi harusi."

"Nembo za kubandika kwa pasi ya moto ndizo za kisasa," akasema wa tatu, msichana aliyecheka hata akiwa amekasirika. Huyo walimwita Cheko, na alistahili.

Mafuta akanyoosha koti lake. Koti hilo la sufu ndilo lililokuwa ofisi yake, cheti chake na ukoo wake wote. Akiwa ndani yake, hakuna aliyewahi kumuuliza anatoka wapi.

"Shikamooni, mama zangu. Samahani kwa kuingilia ya watu. Mimi kazi yangu ni nembo."

"Marahaba, mwanangu," walijibu, na wakammwagia yote. Walikuwa kikundi cha kupikia shughuli. Jumamosi wangepika kwenye ukumbi mkubwa kwa mara ya kwanza, na mwenye ukumbi alikuwa ameapa kwamba asiye na sare yenye nembo hagusi jiko lake. Akiba yao yote ilikuwa imeishia kwenye yale marobota. Fundi hawakuwa na cha kumpa. Jumamosi ikiwatupa mkono, kikundi ndio basi tena.

"Kumbe shida ni hiyo tu?" Mafuta akaweka mkono kifuani kwa huruma kubwa. "Mzigo nauchukua leo, Ijumaa nawaletea ukiwa tayari. Mtanilipa mkishapika."

Mwenyekiti alikuwa ameshainama kushika robota. Mafuta alijiona tayari sokoni.

"Kwa njia ipi?" akauliza Bibi Miwani.

Ugomvi ukaanza upya. Mafuta akaona auzime kwa elimu. "Uzi, mama zangu, ukishaingia kwenye kitambaa hautoki. Ukiung'oa, matundu yanabaki yanakusema. Rangi inakaa vizuri kwenye turubai. Ya kubandika inang'aa, ila pasi ikipita juu yake, kwisha habari. Chagueni kwa raha zenu. Sampuli ni bure."

Neno hilo la mwisho alikuja kulijutia kuliko dhambi zake zote.

Wakampa vipande vichache, kila mmoja na njia yake. Mafuta angeweza kutokomea navyo, lakini mwizi wa heshima haachi marobota mawili kwa ajili ya fulana kiganjani. Akauza saa yake, akawalipa mafundi, na kesho yake akavipeleka kwenye ghala la kina mama, chumba kilicho nyuma ya kinyozi. Akakalishwa juu ya sufuria kubwa iliyopinduliwa, mpya, bado ina karatasi ya dukani. Kando yake jiko la gesi lilimetameta.

Nembo ilipendeza kweli: sufuria moja, miko miwili imepishana juu yake.

"Nzuri," alisema Mwenyekiti. "Lakini mfuko mdogo haumwambii mtu kitu. Tuone kwenye ile mikubwa."

"Na mimi nione iliyofuliwa na isiyofuliwa," akasema Cheko.

"Na uzi mwekundu," akasema Bibi Miwani. "Kisha wa kijani."

Pete ya Mafuta ikafuata saa. Viatu vikafuata pete, na akawa anakuja na ndala, akieleza kwamba daktari amemshauri apumzishe miguu. Kila alipofikiri kukimbia, alipiga hesabu ya alichokwisha kutoa na alichobakiza kuchukua, akaona mjinga ni yule anayeondoka leo. Na kina mama walivyokuwa watamu! "Kesho tu, mwanangu, tutakuwa tumeamua."

Alhamisi Bibi Miwani akapapasa fulana kwa muda mrefu. "Kitambaa chepesi nimekielewa. Uzi kwenye kitambaa kizito ndio sijauona."

Wote watatu wakalitazama koti.

Mafuta alitaka kulia. Akalivua.

Ijumaa alirudi amelivaa, sufuria na miko imejaa mgongo mzima. "Sasa mama zangu," alisema kwa sauti iliyokwisha mafuta, "mmeamua njia gani? Nipeni mzigo."

"Tumeamua zote," alisema Mwenyekiti. "Mzigo upi tena?"

Mafuta akageuka. Marobota yalikuwa magunia matupu, yamekunjwa vizuri. Ukutani aproni zilipangwa, fulana zimekunjwa, mifuko inaning'inia, na hakuna kipande hata kimoja kilichokosa nembo. Vyote vilipita mikononi mwake, vichache vichache, kwa saa yake, pete yake na viatu vyake.

Cheko alicheka mpaka akakaa chini.

"Mmejua tangu lini?" Mafuta akauliza.

"Fundi wa nembo asiye na doa la rangi kwenye kucha?" Bibi Miwani akavua miwani, akaifuta. "Usijisikie vibaya. Hata yule aliyetuletea jiko la gesi alikuja kutuibia. Tukamwambia atuachie kidogo tulijaribu."

"Akaenda wapi?"

"Yuko uani, anaosha masufuria. Anasema huku anakula vizuri."

Mafuta akautazama mlango. Ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na mji mzima. Lakini mji mzima ungemsoma mgongo, na asubuhi hiyo tayari watu wawili walikuwa wamemsimamisha barabarani kumuuliza kama kikundi chake kina nafasi mwezi ujao. Akagundua, kwa aibu iliyochanganyika na njaa, kwamba aliwajibu vizuri sana.

"Wa pili alikubali kuweka miadi," alisema taratibu.

Kina mama wakatazamana. Mwenyekiti akashusha aproni ukutani na kumtupia.

Mafuta akaidaka, akapapasa kifuani. Nembo ilikuwa imedariziwa. Akajua haitoki.