Mluzi Unaonifuata

Jumatatu, 5 Januari

Nekoye ameenda! Amehamia kwa dada yake Joan, Kawangware. Amesema hajanichoka mimi, amechoka na kelele. Atarudi hapa Kianda siku nyumba hii itakapokuwa na kimya. Alilisema kwa sauti ya juu sana. Sijui watu wa Nairobi wana nini siku hizi. Ama wananipigia mayowe ama wananong'ona, hakuna wa katikati.

Namwelewa mke wangu kabisa. Kelele ni za Omolo. Huyo anauza dawa ya panya, mende na kunguni mkabala na kibanda changu, na amejirekodi kwenye spika. Kutwa nzima ni "Dawa ya panya! Dawa ya mende! Kunguni wote chini!" Hata akienda kula, sauti yake inabaki kazini.

Mimi nagonga bati tu. Ni fundi wa masanduku ya shule na huu ndio msimu, watoto wanaenda bweni. Hiyo si kelele, ni kazi. Tangu lini kazi ikamwumiza mtu masikio?

Nimeapa Omolo atanyamaza na Nekoye atarudi. Ugali niliojipikia leo ulikuwa mbichi katikati. Nimeula hivyo hivyo, kwa hasira.

Jumanne, 6 Januari

Mpango! Nimempelekea Omolo sanduku jipya, la bure kabisa. Nikamwambia wezi wa spika wamezidi, aiweke yake humo ndani, afunge kufuli, aiache iimbe salama. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Bati nene, kifuniko, kufuli. Sauti itabaki ndani.

Omolo alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniita jirani wa ukweli. Niliona haya, lakini kidogo tu.

Akaiwasha. Mungu wangu! Sanduku likanguruma. Kumbe bati ukilifungia sauti linaizidisha! Maisha yangu yote natengeneza masanduku na sikulijua hilo. Watu walikuja kutoka mtaa wa jirani wa Olympic kuuliza hiyo ni spika ya aina gani. Omolo aliishiwa dawa ya kunguni kabla ya chakula cha mchana.

Jioni akaja kuniomba sanduku la pili, ili iwe moja kila upande wa mlango. Nilimwambia bati limeisha. Nyuma yangu lilikuwa limepangwa hadi dari na yeye analitazama. Baada ya hapo niligonga hadi giza likaingia, hasira isipotee bure.

Jumatano, 7 Januari

Stima imepotea Kianda nzima tangu mchana. Kinyozi kimya, kinu cha unga kimya, ukumbi wa filamu kimya. Hata betri ya Omolo ikafa, katikati ya neno "mende". Nami nikaweka nyundo chini, maana mkono ulikuwa umechoka.

Jamani, kimya ni kitamu! Nilikuwa nimesahau. Niliketi kwenye kigoda na kikombe cha chai, mabega yakashuka yenyewe. Nikakumbuka tulivyokuwa mimi na Nekoye kule Busia, tumekaa barazani tunapukuchua mahindi, hakuna anayesema neno na hakuna aliyekasirika. Nilimtamani sana awe hapa. Nasema ukweli, hii ni shajara yangu.

Ndipo nikausikia. Nyiiiiiii. Mluzi mwembamba, hauna mwanzo wala mwisho. Nilitafuta chini ya kitanda. Nikatoa betri za redio. Nikafunga gesi. Nyiiiiiii! Nikavuka hadi kwa Omolo, na kule ukawa na nguvu ile ile. Basi nikajua ni wake.

Nilimwambia azime mashine yake mara moja. Akasema mashine gani, hasikii chochote. Akamwita mkewe, Filister, naye akasema hasikii. Wamepanga! Omolo akaniuliza kwa upole kama ninalala vizuri. Mnafiki mkubwa.

Najua anachokifanya. Nimewahi kuambiwa kwamba kuna mashine za kisasa za kufukuza panya kwa mluzi. Katika Kianda hii yote, nani mwingine angenunua kitu kama hicho?

Ijumaa, 9 Januari

Nimeitisha mkutano wa wapangaji. Tangu jana nimepita mlango kwa mlango nikisema jambo moja tu, kwamba kuna mtu mmoja hapa anatuumiza masikio na lazima aambiwe. Jina sikutaja, mimi ni mtu wa heshima. Mapokezi yalikuwa ya ajabu! Mama Whitney alinishika bega, macho yamelowa. Boaz, ambaye ni bawabu wa usiku na hulala mchana, alisema, "Mzee Wabwire, umefanya poa sana. Tulikuwa tunaogopa kukuambia." Sikuelewa aliogopa nini, nikadhani ni unyenyekevu.

Tukakutana kwenye mfereji wa kutekea maji. Nereah, msimamizi wa ploti, ndiye aliyeongoza. Akauliza nani amechoka na kelele. Mikono yote ikapanda. Omolo naye akapandisha wake! Nilicheka peke yangu, nikijua kinachomngoja.

Nereah akasema maneno marefu huku ananitazama. Sikuyapata vizuri, nilikuwa nimesimama mbali. Watu wakanipigia makofi. Nami nikapiga makofi, tena kwa bidii kuliko wote.

Boaz ndiye aliyekuja kunieleza, mdomo karibu na sikio langu. Nereah alikuwa ananishukuru. Alisema ni wanaume wachache wanaoweza kuitisha mkutano juu ya nyundo yao wenyewe. Wameamua nisigonge kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa kumi na moja jioni, na redio yangu nipunguze.

Yaani nimezunguka ploti nzima kutafuta watu wa kunihukumu! Na Omolo je? Mama Whitney alisema spika ya Omolo angalau inaua kunguni. Wamehongwa wote. Hakuna maelezo mengine.

Jumapili, 11 Januari

Nimeenda Kawangware kumwona Nekoye. Nilitaka apate habari zangu kutoka kwangu, kabla hajapigiwa simu na Mama Whitney.

Joan anakaa mahali patulivu, nyuma kabisa ya ploti. Alinikaribisha, akapika kuku. Nekoye alinitazama kama mtu anayetaka kuulizwa jambo. Nilikuwa naanza kufurahi. Tulikaa. Pakawa kimya.

Nyiiiiiii!

Nilisimama wima. Mpaka Kawangware? Omolo amenifuata mpaka kwa shemeji yangu? Nilivuta friji, nikatia kichwa nyuma yake. Nikafungua kabati la vyombo. Nikamwomba Joan asimame ili nitazame chini ya kiti. Joan ni mtu wa kanisa, alisimama.

Nilipogeuka Nekoye alikuwa nyuma yangu, analia. Joan akasema mke wangu alikuwa ameniita mara tatu, hapo hapo mgongoni, na mimi sikugeuka. Nilimjibu kwamba friji yake ina kasoro na inafunika sauti za watu. Friji ilikuwa haijawashwa. Hilo sikulijua mpaka aliponionyesha waya.

Nekoye ametoa sharti jipya. Kesho kutwa kuna hema la kupimwa masikio bure pale Olympic. Nikienda, atarudi. Nisipoenda, nisimpigie simu, kwa kuwa hata hivyo huwa simsikii. Nimekubali. Nitapata cheti cha kwamba ninasikia vizuri, nikibandike mlangoni kwa Omolo.

Jumanne, 13 Januari

Nekoye alinisindikiza hemani. Nesi anaitwa Bridgit, msichana mdogo mwenye subira. Akanivika vile vifaa vya masikioni, akanipa kitufe. Maelekezo: nikisikia mluzi, hata mdogo vipi, nibonyeze.

Mluzi! Huo mimi ni bingwa wake. Nilibonyeza papo hapo. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza mfululizo bila kupumzika, upande wa kushoto na wa kulia. Nilimwona mzee aliyenitangulia akipata taabu, anabonyeza mara moja moja. Nikamhurumia.

Bridgit akanigusa goti. Akasema, "Mzee, pole pole. Mashine bado sijaiwasha."

Nekoye alifunika uso. Mimi nilisema basi mashine yao inavuja.

Kisha wakaiwasha. Tuseme tu kwamba matokeo hayakuwa ya kubandika mlangoni kwa mtu. Bridgit alizungumza akinitazama usoni, taratibu, nami nikalisikia kila neno. Mluzi hautoki kwa Omolo. Unatoka ndani ya masikio yangu mwenyewe, yamechoka na nyundo. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, nikivaa vifuniko vya masikio nikigonga bati, nikipunguza redio, na nikiyapa masikio muda wa kupumzika kila siku.

Njiani Nekoye alisimama mbele yangu ili nimwone mdomo. Akasema, "Baba Derrick, ndani ya nyumba ile nimekuwa nikiongea peke yangu. Nilidhani umenichoka. Mimi nataka tu tuongee." Nilimshika mkono, na mimi si mtu wa kushikana mikono barabarani.

Amesema kesho anarudi. Kwenye mitumba ya vifaa vya ujenzi nimepata vifuniko vizuri sana, vyekundu, vinene, vya watu wa mashine kubwa. Nitavivaa. Nimemwahidi.

Alhamisi, 15 Januari

Nekoye yuko nyumbani! Jana jioni tulikunywa chai, redio imezimwa, ameketi upande wangu ninaosikia vizuri zaidi. Alinipa habari zote za Joan, na za mjukuu wa Mama Whitney. Habari zenyewe hazikuwa na maana yoyote na nilifurahi sana.

Leo nimevaa vifuniko kwa mara ya kwanza. Sijui niandike vipi. Kelele zimeisha! Nyundo inashuka na bati linanong'ona tu. Omolo anafungua mdomo na spika yake ni kama imekufa. Bila mkutano, bila sanduku la bure! Mbona hakuna aliyeniambia mapema kwamba Kianda inaweza kunyamazishwa kwa plastiki nyekundu?

Nafikiria sana. Ikiwa sasa sina kelele, ule uamuzi wa Nereah wa saa mbili na saa kumi na moja una kazi gani tena?

Jumamosi, 17 Januari

Ushindi kamili. Niandike yote, yasije yakasahaulika.

Kwa kuwa kimya kimepatikana, nimenunua nyundo kubwa zaidi. Nimeanza kazi alfajiri, kabla jogoo wa Boaz hajaamka. Masanduku yanatoka mawili kwa muda wa moja. Boaz mwenyewe alitoka nje na blanketi akarusha mikono juu, nami nikampungia. Nereah alikuja akasimama mbele ya kibanda akitikisa kidole kwa kufuata mapigo yangu. Majirani wakipita wanashika masikio kwa mikono miwili. Nadhani wanauliza nilinunua wapi vyangu.

Na Omolo amehama! Amefungasha spika, dawa na lile sanduku langu kwenye mkokoteni, ameenda kuuzia Silanga. Hakuweza kushindana na kimya.

Vifuniko ni vitamu kiasi kwamba sivivui. Jana nilikula navyo chakula cha jioni, nikalala navyo. Nesi alisema masikio yapumzike kila siku, nami nayapumzisha kutwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nafuata maagizo ya hospitali kupita kiasi.

Muda mfupi uliopita Nekoye alikuja mlangoni, amevaa koti, ana begi. Alisimama mbele yangu akaongea kwa muda mrefu, mdomo unaenda, machozi yanamtoka. Nilimwonyesha kwa kidole kwamba nina vifuniko, nikatabasamu, nikaendelea kugonga. Ameenda kupanda gari la Kawangware. Bila shaka ameshindwa kuizuia furaha na anakimbia kumweleza Joan jinsi nyumba yetu ilivyo tulivu.